Tawi la Tarehe Nne

"Gazeti haliongopi, Bakhit! Umeandika tawi umelikata tarehe nne, na gazeti ulilolifungia ni la tarehe tisa. Hukufika bonde lolote wewe. Umelichuma bustanini kwa watu!"

Bakhit, dereva wa ofisi ya mimea, akacheka. "Bi Mahfoudha, mie nakata matawi, sisomi magazeti."

Ilikuwa mwaka tisini na nane, Maskati. Mahfoudha, mzaliwa wa Unguja anayekaa mtaa wa Hail, kazi yake kushona mimea mikavu kwenye makaratasi magumu, ikae kabatini iwe ushahidi kuwa mti fulani uko mahali fulani. Na kanuni ilikuwa moja: gazeti lililofungiwa tawi mlimani halibadilishwi mpaka limfikie yeye.

Tawi lenyewe la cheri mwitu, mti ambao bonde alilolitaja Bakhit halijapata kuandikiwa. Mahfoudha, ambaye samaki wa sokoni Sib humnusa pande mbili ndipo amnunue, akalitia droo bila kulishona. Asiposhona, mti haumo, na Bakhit muongo.

"Ukinionesha huo mti, nnakupikia mkate wa kumimina."

"Wa nazi?"

"Wa nazi. Lakini hutoula."

Miaka mitatu Mahfoudha akamtazama kwa pembe ya jicho. Bakhit akileta jani, analigeuza. Akimsalimia, anajiuliza huyu anataka nini.

Kisha mkubwa wa ofisi akataka Mahfoudha akaone mimea inakotoka. Akapanda majabali akilalamikia goti, abaya kaikunja mkononi, akijua ataoneshwa mti wowote tu. Bakhit, aliyetangulia, akasimama. Kwenye ufa wa jabali, mti mfupi, matunda mekundu kama shanga. Tawi moja lina kovu la kisu, na kitambaa cha alama kilichopauka.

Mahfoudha akatoa mkobani lile tawi, alilokuja nalo makusudi amuaibishe. Akalisogeza penye kovu. Mkato ule ule, mshazari ule ule.

"Na gazeti?"

"Mvua ilitupiga bondeni, magazeti yote yakalowa. Nikabadilisha niliporudi nyumbani, tarehe tisa."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza? Ulishahukumu."

Jumamosi Mahfoudha akalishona tawi, na penye jina la aliyelikata akaandika Bakhit, kwa wino mzito. Kisha akamwekea sahani mbele yake.

Bakhit akainua kipande cha mkate, akakinusa pande mbili. "Wa tarehe ngapi huu?"

"Kula, maluuni we! Deni langu kwako hilo."