Wasichana wa Kabuchai na Kipindi cha Hesabu

Niliajiriwa mwishoni mwa miaka ya arobaini katika shule moja kule Kabuchai, mwanamke pekee kati ya walimu watano. Siku ya kwanza Mwalimu Mkuu alinikabidhi sindano na vitambaa.

"Mwalimu, wewe utafundisha kushona. Hii maneno ya hesabu ni ya vijana. Wasichana hapana weza. Nimeangalia miaka mingi, bana!"

Kweli, matokeo yao yalitia aibu. Kwenye hesabu za akili, ambapo mwalimu husoma swali na mtoto hujibu bila kuandika, wasichana walibaki wakitazama paa. Lakini sikumaliza wiki kabla ya kuona sababu. Kipindi cha hesabu kilipoanza, wao walibeba mitungi kwenda mtoni kuwatekea walimu maji, wakarudi kengele ikilia. Nilipandwa na hasira, na hasira yangu haijui kunyamaza.

"Tubadilishe muhula mmoja," nikamwambia Mkuu. "Wavulana wateke maji."

"Na wasichana wakianguka?"

"Nitashona mpaka nizeeke, na wewe uwafute kwenye orodha ya mtihani wa mwisho."

Akakubali. Baadaye niliogopa nilichofanya. Nilikuwa nimeweka rehani masomo ya wasichana kumi na mmoja bila kuwauliza.

Wavulana nao walipata taabu. Mtungi kichwani hawakuuweza. Waliubeba wawili wawili kama mgonjwa, na nusu ya maji ikamwagika njiani. Mitungi mitatu ilivunjika. Walimu tulikunywa chai nusu kikombe. Mkuu, ambaye ndiye aliyefundisha hesabu, alinuna muhula mzima.

Kisha akaja Mkaguzi wa Shule kutoka Kitale, Mzungu mwenye soksi ndefu, akawapima wote kugawanya kwa njia ndefu. Wasichana wakapita karibu wote. Safari hii wavulana ndio waliotazama paa.

"Hawa vijana iko na shida gani?" Mkaguzi akauliza.

Mkuu akajikuna kichwa. "Bwana, naona vijana hapana weza. Hesabu ni ya wasichana."

"Hata wavulana wanaweza, Mwalimu Mkuu," nikasema. "Warudishe tu darasani."

Muhula uliofuata wote walikaa darasani, na kila mwalimu akajitekea maji. Mkuu alikwenda mtoni alfajiri, asionekane.

Baadaye nilihamishiwa Kitale, nikafundisha hesabu hadi nikastaafu. Juzi alinitembelea mmoja wa wale kumi na mmoja, naye sasa ni mwalimu. Nilimwomba msamaha kwa ule mchezo wangu wa hatari.

Akacheka. "Mwalimu, sisi hatukuogopa kuanguka. Tuliogopa kurudishwa mtoni."