Makofi Kwenye Usukani

Dereva wa nyumba tuliyofanyia kazi Riyadh hakuwahi kuiona Norwei hata kwenye kalenda, lakini alijiita mwalimu wa Kinorwei. Kwao Kenya alikuwa akifundisha kwaya, na kwake hiyo ilitosha. Madam akiingia madukani Sulimaniya, mimi na mpishi tulibaki garini, darasa likaanza.

Alifundisha kwa makofi. Kila silabi kofi moja, na sauti inapanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, vilevile kama Kiswahili. Neno lao la mashine ya kuoshea vyombo, oppvaskmaskin, alilikatakata kama sukuma wiki: "O-pu-va-si-ka-ma-SKI-ni! Pamoja!" Mpishi aliitikia kwa moyo wote. Mimi ndiye niliyekuwa na haja: mkataba wangu ulikuwa unaisha, na kuna familia ya Oslo iliyotaka yaya anayejua maneno machache ya nyumbani.

Nikatafuta sauti za Wanorwei wenyewe kwenye simu. Kumbe ni maneno mawili yaliyounganishwa, la kuosha vyombo na la mashine. Kila moja linabaki na silabi zake, na uzito wote unaangukia mwanzo kabisa: OPP-vask-ma-shin. Nikamsikilizisha mwalimu.

"Sister, hiyo app ni ya bure," akasema. "Ndiyo maana inaongea hivyo. Halas, basi, weka simu."

Tangu siku hiyo nilimdharau. Nilijifunza peke yangu jikoni nikisugua masufuria, hadi neno likakaa mdomoni.

Familia ya Oslo ilipiga simu tukiwa Jeddah, tulikompeleka madam matembezini. Madam alikuwa ndani ya soko la Balad, mimi garini kwenye kiti cha nyuma, mwalimu kwenye usukani. Mama wa Oslo akaniuliza majina ya vitu vya jikoni kwa Kinorwei. Nilipofungua kinywa tu, yule bwana, kwa wema ambao hakuombwa, akaanza kunipigia silabi kwenye usukani. Pa, pa, pa. Mdomo wangu ukamfuata kama mbuzi anayevutwa kamba. O-pu-va-si-ka. Mama akaniomba nirudie. Nikarudia, usukani nao ukarudia. Akahamia Kiingereza, akasema kwa upole kwamba watoto wake hawatanielewa, akaniaga.

"Ni network ya Balad," mwalimu akasema. "Nyumba zenyewe ni za mawe."

Nilitamani kumvunja vidole.

Mwezi uliofuata nilitia sahihi miaka miwili mingine kwa kafili yuleyule, mdhamini wa kibali changu cha kazi, yaani mume wa madam. Mwalimu naye akaanzisha darasa la Kijerumani, kwa makofi yaleyale.