Sheria ya Kivuko cha Garsen

Mjomba alipondwa mguu na mlango wa chuma wa kivuko cha Garsen, akitoka Idsowe na ndizi zake za kuuza. Mnyororo wa mlango ule ulikuwa umelika zamani, na kila mvukaji alijua. Mjomba akataka kuishtaki kampuni ya kivuko. Kampuni nayo ikataka sheria: anayevuka avuke kwa hatari yake mwenyewe, asije akashtaki.

Sheria hiyo ililetwa mbele ya halmashauri nikiwa likizoni kutoka chuo kikuu. Nikafanywa mkalimani, nami nikavaa tai katika joto lile, nikidhani tai huongeza akili. Mezani alikaa Bwana DC, Mwingereza mkuu wa wilaya, na ubavuni pake meneja wa kampuni, ambaye ndiye aliyeiandika rasimu. Mbele yao walikaa wazee, Wapokomo na Waorma.

Kabla ya kuamua, mzee mmoja wa Kiorma akasema, "Wenye shauri watupishe kwanza." Ndivyo tulivyozoea kwetu: aliyeumia na aliyeumiza hutoka wote wawili, wanaobaki waseme bila kuoneana haya.

Mjomba hakungoja kuambiwa tena. Alichukua fimbo yake akatoka akichechemea, shingo imenyooka. Meneja akabaki anachonga penseli.

"Na huyu?" mzee akaniuliza.

Nikalitafsiri swali, nikaongezea hotuba yangu kuhusu haki, yenye maneno mawili ya Kilatini. Bwana DC alinisikiliza hadi mwisho. Akakisifu Kiingereza changu, kisha akasema meneja si mwenye shauri, ni mtaalamu.

"Mtaalamu wa kuvunja miguu," mzee akanung'unika. Hilo sikulitafsiri.

Mwingine akauliza, je, aliyekwisha kuumia? Meneja akamnong'oneza Bwana DC, akaongeza mstari kwa penseli: naye pia hashtaki. Bila hivyo, akasema, kampuni itaondoa kivuko. Wazee walikuwa na ng'ombe wa kuvusha. Mikono ikainuka, mingine polepole.

Nilimkuta mjomba nje, amekaa kivulini mwa ukuta.

"Wamemaliza?"

"Wamemaliza."

"Yule mwenzangu katokea mlango upi? Sikumwona akipita."

"Hakutoka, mjomba."

Akafikiri kidogo. "Basi hawajaamua kitu. Rudi uwaambie tuanze upya, sote wawili tukiwa nje."

Nikarudi. Askari walikuwa wanaipakia meza ya Bwana DC kwenye lori la kampuni.