Kahawa ya Mama na Foleni ya Makaa

Mtu akitaka kujua huku kwetu tunaishi kwa kitu gani, asihangaike kwenda ofisini. Aje njiapanda, pale barabara ya machimbo ya makaa inapoingia kwenye lami, afunue masufuria yangu. Usipa, dagaa wetu, wanatoka ziwani, Mbamba Bay, wanakuja na basi wakiwa bado na mchanga kidogo. Unga ni wa mahindi ya Litumbandyosi. Maharage ni ya milimani, yamelimwa kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya miraba yanayozuia udongo usikimbilie bondeni. Na wanaokula ni makaa yenyewe. Ndivyo tunavyowaita madereva na matandiboi wao, kwa sababu wanaketi mezani na vumbi jeusi kwenye kope. "Makaa wawili, wali usipa!" napaza sauti, na jikoni wanaelewa.

Kahawa siuzi. Watu hushangaa, eti mama lishe wa Mbinga hana kahawa! Lakini mteja wangu anataka chai ya maziwa, au kile kinywaji cha kopo kinachomkodolesha macho mpaka Masasi. Kahawa yetu tunailima, tunaimenya, tunaianika, halafu inaondoka. Nimekulia ndani yake, imenisomesha, na sijawahi kuipenda. Haya, nimesema.

Mama yangu anaipenda. Shamba lake liko mlimani juu ya mji wa Mbinga, kwenye mteremko ambao mgeni akiuona kwa mara ya kwanza hutafuta kitu cha kushika. Yeye na baba waliipanda ile mibuni wakiwa ndiyo kwanza wametoka kufunga ndoa. Baba ametangulia mbele ya haki. Mama amebaki na kahawa, magoti mabovu na simu ya kitochi. Ardhi kwetu hurithi watoto wa kiume, kwa hiyo shamba ni la kaka yangu anayeishi Songea, mama analitumia tu. Na kaka amechoka na kahawa. Anataka parachichi. Siku hizi kila mwenye shati la kupiga pasi anataka parachichi.

Mwaka huu, kabla ya msimu, alikuja akasema waziwazi, tumekaa sebuleni kwa mama na mama mwenyewe anasikia.

"Mwaka jana nusu ya kahawa ilikaukia mtini. Mwaka huu ikikaukia tena, nang'oa yote. Siwezi kuwa na shamba la kutazama."

Mama aligeuka akaniangalia mimi. Nami, kwa mdomo wangu huu, nikasema, "Kaka, kahawa itachumwa. Niachie mimi."

Sasa wachumaji wenyewe wako wapi? Zamani msimu ukifika wanawake walipanda mlimani bila kuitwa, wakachuma kwa mama, wakala makande, wakasutana na kucheka mpaka jioni. Leo wako njiapanda. Wapo wanaouza maji, wapo wanaofua nguo za madereva. Na wale wawili hodari kuliko wote, waliochuma kwa mama tangu mimi niko msichana, wanaosha masufuria yangu. Hawakuja wenyewe. Niliwafuata mpaka kwao, nikawaambia kwangu kazi iko kivulini na ni ya mwaka mzima. Nani angekataa? Mama alipopata habari alisema, "Afadhali wako kwako kuliko kwa mtu baki." Jamani, nilitamani anitukane.

Ningeweza kuwaruhusu warudi mlimani wakati wa msimu tu. Nilipanga hivyo, nakula kiapo. Lakini nikiangalia foleni ya malori naona imerefuka, sahani zimerundikana, watu wanagonga meza. Nasema, wiki ijayo.

Kahawa ikaanza kuiva. Jioni mama alikuwa akinipigia.

"Hujambo mwanangu? Watoto wazima? Huku kahawa imeiva upande wa chini."

Basi, anaishia hapo. Hakuwahi kusema njoo. Nilimjibu, "Jumapili, mama." Jumapili ikafika, nikapika. Nikamwahidi Jumapili nyingine, nayo nikapika. Siku moja akaniambia, "Imeanza kudondoka. Lakini kazi zako zinaendaje?" Nikikata simu nilikuwa mtu mbaya sana. Nilimfokea mteja aliyeomba ndimu. Ndimu tu, masikini, na hela yake alishalipa.

Halafu Jumamosi moja kaka akatuma ujumbe kwamba kesho yake anapita kuangalia shamba.

Nilikuwa bado nimeishika simu nilipowaona matandiboi wamejazana kivulini wanacheza drafti. Mzani wa kule machimboni ulikuwa umeharibika, foleni imesimama, vijana wazima wenye vifua wamekaa bure. Nikajiona nina akili kuliko wanawake wote wa Wilaya ya Mbinga.

"Nani kesho anataka pilau la kuku la bure?"

Hakuna aliyebaki na mkono chini. Nikawaeleza kazi. Mmoja mrefu, mtu wa Singida, ambaye wenzake walimtii kama nyapara, alicheka. "Mama, sisi tunafunga maturubai juu ya lori kwenye upepo. Tutashindwa na matunda?" Kahawa alikuwa anaijua ya kwenye kikombe tu.

Asubuhi niliwapakia kwenye kirikuu, na kuku wangu na mchele wangu. Nilijua mama atakuwa kanisani. Nilitaka akitoka misa akute kazi imekwisha, ashangae, afurahi. Niliwaonyesha: nyekundu tu, moja moja, tawi usiliguse. Walifuata vizuri kabisa muda wote niliosimama pale. Nikaenda jikoni kwa mama kuwasha moto.

Niliporudi, Yesu na Maria! Yule wa Singida amelivuta tawi mpaka kifuani, amelikamata kwenye shina, na anapurura kwa kiganja kuelekea nje. Ndani ya ndoo zinaingia nyekundu, mbichi, majani, na zile ncha laini za tawi. Mwenzake amelivunja tawi zima, kakaa nalo kivulini anadonoa taratibu kama anakula mahindi ya kuchoma.

"Mama, hivi ni haraka zaidi," aliniambia yule mrefu, na fahari imemjaa usoni.

Mimi ni mtoto wa kahawa. Nilijua kwamba zile ncha ndizo kahawa ya mwakani, na kwamba mti uliovunjwa hivyo hukaa kitambo kabla ya kuzaa tena. Nilifungua mdomo. Nikatazama jua, nikatazama mteremko, kule chini karibu na kijito bado kwekundu, na kaka yuko njiani. Nikaufunga. Na ningeufunga tu ingekuwa nafuu. Nilisema, "Haya, kazeni! Chini kule bado!"

Wakakaza. Niliwaletea maji.

Kaka alifika kabla ya mama. Alisimama ukingoni kwa juu na viatu vyake vilivyong'arishwa, akaona turubai limejaa kahawa na mibuni imebaki mitupu. Hakushuka. Miti aliyoiona kwa mbali ilitosha.

"Umeweza, mdogo wangu," alisema. "Sawa. Neno langu ni neno. Kahawa ibaki."

Akawapa vijana mkono, akala pilau, akaondoka. Mimi nilipiga kigelegele. Ndiyo, kigelegele, mbele ya miti ile.

Mama alikuja na njia ya kanisani, kitenge chake cha kina mama wa jumuiya mabegani, rozari mkononi. Vijana wakasimama. "Shikamoo, bibi!" Aliitikia, akapita kwa kila mmoja akampa mkono, akamuuliza kwao wapi na kama mama yake yupo. Yule wa Singida alimshika mkono kwa muda. "Mungu akulipe, mwanangu. Umetoka mbali kuja kunichumia."

"Mama, kaka amekubali!" Nilikuwa napiga kelele kama niko sokoni. "Kahawa inabaki!"

Alitabasamu. Akavua viatu vya kanisani, akashuka shambani, anashika mti mmoja, anashika mwingine. Sikumfuata. Nilichukua sufuria lililokwisha kuoshwa nikaanza kulisugua upya.

Alikawia. Aliporudi upindo wa kitenge ulikuwa umejaa zile ncha alizoziokota chini, akazimwaga taratibu karibu na mlango wa jiko. Hakuna kijana aliyeelewa ni kitu gani. Muda si mrefu simu zao zikaanza kulia, mzani umepona, foleni inatembea. Wakapanda kirikuu wakimpungia bibi. Tukabaki wawili.

Kahawa iliyochumwa hivyo huwezi kuiingiza kwenye mashine ya kumenya. Tukakaa kwenye turubai tukaanza kuchambua, nyekundu huku, mbichi kule zikakaukie ziwe buni, ile kahawa ya bei ya chini. Mbichi zilikuwa nyingi mno. Mama anachambua haraka, anatazama mikono yake. Mdomo wangu unaosifika njiapanda nzima ulikuwa mzito.

"Mama, nisamehe," nikasema mwishowe. "Niliwaona. Niliwaona wanapurura, nikanyamaza."

"Najua uliwaona. Si ulikuwepo?"

Hakuwa amekasirika. Aliichukua kahawa mbichi iliyojificha kwenye rundo langu la nyekundu, akaiweka mahali pake.

"Mwakani hakuna kitu hapa," alisema. "Labda na mwaka utakaofuata. Kaka yako ataiona. Akija na miche yake ya parachichi usigombane naye. Mwache apande."

"Mama, usiseme hivyo! Itachipua. Nitakuja kupogoa, nitawarudisha wale wawili, nitakuja mwenyewe kila..."

"Mwanangu." Alisema taratibu. "Umechoka. Nakusikia kwenye simu. Ukisema Jumapili, nasikia mtu aliyebeba mzigo. Sasa basi. Hutaniahidi tena."

Nilikuwa nitoe machozi. Yalikuwa karibu, na yalikuwa ya kweli. Lakini kitu kingine kiliwahi kabla yake, nacho sikukiita. Mabega yalishuka. Pumzi ikatoka ndefu. Niliona Jumapili zangu zote za mbele, wali uko jikoni, foleni iko barabarani, simu inalia jioni na mtu ananiuliza hali tu. Mama anapoteza shamba alilolipanda na mume wake, vidole vyake viko ndani ya kahawa ya mwisho, na mimi mtoto wake nimefurahi.

Aliinua macho akaniona kabla sijapata kuubadilisha uso. Alinisogezea kahawa nyingine mbele ya magoti, tukaendelea kuchambua.