Baba anafunga chambo cha manyoya "kinyume", na siku niliyomsomea maoni yenu

"Kwa nini huyo mzee anazungusha uzi kinyume?"

Swali hilo liliulizwa humu humu jukwaani, chini ya video niliyoiweka mimi mwenyewe.

Wakuu, salaam kwenu nyote, mnaovua trauti mitoni huko bara na mnaovua kolekole huku kwetu. Haya yametokea nyumbani, Msambweni, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Mnanijua kwa ubishi. Leo sikuja kubisha.

(Ndiyo, ni uzi unaohusu uzi. Nimeshasema mimi, msihangaike.)

Kwa wageni: hapa tunafunga chambo cha manyoya, kile ambacho wengi mnakiita fly. Unachukua ndoana tupu, unaivisha manyoya na nywele, unakaza kwa uzi mwembamba mpaka samaki adhani ni dagaa. Basi. Watu wazima na akili zetu.

Baba alifanya kazi miaka mingi Shimoni, kwenye boti zinazopeleka wageni kuvua. Tangu apumzike, kazi yake ni kufunga chambo, na mabaharia wa huko hupita nyumbani kuchukua.

Vifaa vyake mngevicheka. Hana jiriwa ya maana ya kubania ndoana. Ana koleo, amelibana kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na kulifunga kwenye ukingo wa meza. Ana manyoya ya jogoo, nywele za beberu anazoletewa na rafiki yake mfugaji wa Kinango, uzi wa cherehani, na rangi ya kucha ile isiyo na rangi, ya kuzibia fundo.

Kila akienda kununua hiyo rangi, mwenye duka humtania, "Mzee, safari hii unampaka nani?"

Naye hujibu, "Kolekole. Ana harusi Ijumaa."

Mimi nilirudi nyumbani baada ya chuo, digrii ya kemia ninayo, kazi sina. Nikawa nakaa karibu na ile meza nikimsumbua. Kwa nini manyoya ya shingo na si ya mkia? Nani amethibitisha kwamba kolekole hupenda cheupe asubuhi? Baba hujibu maswali matatu. La nne husema, "Bibi weye, kamuulize kolekole."

Hapo ndipo nilipojiunga na jukwaa hili. Nilijifunza mengi kwenu, sikatai. Siku moja nikarekodi mikono yake akifunga, nikaiweka hapa. Sikumwomba ruhusa. Kosa la kwanza hilo.

Wengi mlisifu. Kisha akaja mkuu mmoja, mkongwe wa mito ya Mlima Kenya, nitamwita Mkuu wa Trauti. Akaeleza, kwa adabu zake zote, kwamba mfungaji huupitisha uzi juu ya ndoana ukielekea mbele, mbali na yeye mwenyewe. Huyu mzee anauvuta kuelekea kifuani. Akamalizia hivi: "Amejifunza vibaya, na aliyemfundisha hakuijua kazi."

Mimi nikafurahi! Nikaona sasa tumepata mjadala. Nikaenda nikamsomea Baba yote, kama mtu anayesoma matokeo ya mpira.

Alikuwa akitabasamu. Nilipofika mwisho akasema, "Hapo mwisho, soma tena."

Nikasoma tena.

Akaukata uzi uliokuwa mkononi. Akalifungua koleo pale mezani, akaweka kila kitu ndani ya kopo la biskuti, akalipandisha juu ya kabati.

"Macho yamechoka," akasema.

Wakuu, nilimwamini. Mimi, nisiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa.

Siku zikapita. Akija mtu wa Shimoni kutaka chambo, Baba anamwambia hakuna. Asubuhi anakaa na redio, mikono ameilaza mapajani kama vitu vya mtu mwingine alivyoachiwa avishike. Chakula anakula nusu. Mizaha imekwisha. Namwamkia, "Shikamoo Baba," naye, "Marahaba mwanangu," halafu anairudia redio yake.

Tangu Mama afariki, nikiwa darasa la sita, ile meza ndiyo iliyomshikilia. Hilo nililijua. Ila sikuwa nimewahi kumwona bila hiyo meza.

Nikafanya ninachokijua: jaribio. Nikafunga chambo sita kwa mkono wa kwenda mbele, sita kwa mkono wa Baba. Nikavining'iniza kimoja kimoja kwenye tawi la mpera, chini yake nikatundika ndoo, nikawa naongeza maji kikombe kwa kikombe. Jirani alidhani nimeingiwa na kitu.

Hakuna hata kimoja kilichofumuka kwa sababu ya upande wa kuzungusha. Hakuna tofauti kabisa. Nikampelekea Baba daftari.

Akalitazama. "Kwa hivyo uzi haujui umezungushwa upande gani."

"Haujui, Baba."

"Vyema. Mie najua." Akachukua kofia yake, akaenda zake kuswali alasiri.

Nikabaki na daftari langu. Nilikuwa nimempa jibu la swali ambalo yeye hakuliuliza.

Kesho yake nikaifuta ile video (walioniuliza imekwenda wapi, ndiyo hiyo). Nikamwambia, "Baba, nisamehe. Niliwaonyesha watu mikono yako bila kukuomba."

"Mikono si kitu," akasema. "Yule bwana amemsema mtu asiyemjua."

Swali lilinijia mdomoni. Nani? Lakini nilimwona uso, nikalimeza. Mnaonijua mtaelewa ilikuwa kazi kiasi gani.

Badala yake nikalishusha lile kopo, nikafunga koleo mezani, nikaanza kufunga chambo changu mbele ya macho yake. Nilikifunga vibaya. Nusu makusudi, nusu ndivyo ninavyofunga.

Alivumilia unyoya wa kwanza. Wa pili akazima redio. Wa tatu ukanigeuka, ukalala ubavuni mwa ndoana kama samaki aliyekufa.

"Ndoana imekukosea nini?" akasema.

"Nionyeshe basi."

Akaja mezani. Nami nikahamisha kiti changu upande wa pili, tutazamane, nione vizuri vidole vyake.

"Hapo sipo. Njoo ubavuni."

"Huku naona vizuri, Baba."

"Unaona, lakini ukikaa mbele ya mtu utaiba kazi yake kinyume. Yeye akiusukuma uzi mbele, wewe utauona unakujia, nawe utauvuta kwako. Mie ndivyo nilivyoiba."

Nikasimama na kiti mkononi.

Akanieleza huku akichagua unyoya. Yeye na Mama walikuwa wameoana miezi michache tu. Mgeni mmoja aliacha kwenye boti chambo kilichotafunwa na samaki, Baba akakileta nyumbani kama kitu cha kuchezea. Mama alikuwa mshonaji wa kofia, mnajua zile tundu ndogo ndogo za kofia yetu zinataka jicho la namna gani. Akakiweka kwenye sinia, akakifumua uzi baada ya uzi, akipanga kila unyoya mahali pake. Kisha akakifunga upya. Akafunga na cha pili, kizuri kuliko cha mgeni. Halafu akamfundisha mumewe.

Kwa hiyo aliyemfundisha Baba ni Mama. Na mimi nilikaa pale nikamsomea mara mbili kwamba aliyemfundisha hakuijua kazi.

"Baba," nikasema, maana swali la mwisho lilinishinda, "mbona hukukaa ubavuni mwake?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana umajimaji.

"Ningekaa ubavuni, uso wake ningeuona vipi?"

Akapaka fundo rangi ya kucha, akapuliza, akanipa nishike.

Sasa anafunga tena, Alhamdulillahi, na nusu ya chambo kinachokwenda Shimoni ni cha mkono wangu. Kwa wanaotaka kujaribu namna ya Baba: ukiuvuta uzi kuelekea kifuani, unyoya utataka kukugeukia wewe. Uegemeze kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, zungusha mara mbili bila kukaza, ya tatu ndiyo ukaze, kisha ondoa kidole. Utasimama wima. Baba huchovya ncha ya uzi mdomoni kwanza. Hilo bado nalifanyia utafiti.

Mkuu wa Trauti, sina kinyongo nawe, na nimemwomba Baba ruhusa kabla ya kuandika haya. Amesema nikusalimie, na kwamba siku ukishuka pwani uje na uzi wako.

Nilichojifunza ni kidogo. Kupima najua, na nitaendelea kupima. Ila siku hizi, nikikuta mtu anafanya jambo kwa namna isiyo na sababu, kabla ya kuleta ndoo namuuliza alifundishwa na nani.

Nanyi semeni. Nani aliwafundisha kufunga, na mlikaa upande gani wa meza?

Nimebakiza neno moja, nimelipata miezi mingi baadaye. Nilikwenda Jego kumwona mama mdogo, mdogo wake Mama, nikamsimulia kisa chote hiki. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

"Mamako alijua," akasema. "Alijua tangu siku ya kwanza kwamba bwana anafunga kinyume. Nilimwambia mie mwenyewe, mrekebishe mwenzio. Akanambia, 'Nyamaza weye. Nikimrekebisha, atahamia ubavuni.'"