Pundamilia wa Ukurasa wa Mwisho

Eda ya mume wangu niliikaa nyumbani kwa mama mkwe, chumba kimoja, dirisha moja, miezi minne na siku kumi. Kutoka marufuku, manukato marufuku, na kwa mama mkwe hata kucheka marufuku. Mwenzangu alikuwa binti yangu wa miaka mitano, na kitabu cha alfabeti ya Kireno alicholetewa na shangazi yake kutoka Mocímboa. Kila herufi na mnyama wake, kila mnyama na kioja chake: nyuki anayepiga chafya akinusa ua, kasa anayeendesha pikipiki. Nilikisoma mpaka nikakichukia. Ningekitupa kisimani, lakini kisima kiko nje.

Kwenye Z, pundamilia amegoma kuvua nguo za kulalia. Jua limeshapanda, wenzake wanamwita wakacheze, yeye kajikalia kitandani na mistari yake. Siku moja nikamwuliza binti yangu, mbona huyu habadili nguo?

"Amefiwa na mumewe," akajibu.

Nilicheka kwa sauti. Mama mkwe akafoka kutoka jikoni, "Nani anacheka humo, na mtu yuko edani?" Nikajiziba mdomo kwa mto.

Mtoto alitaka kufunga kitabu, akasita. Akakisimamisha wazi, kimeelekea mlangoni.

"Siku zake zikiisha, apate kutoka."

Tangu nianze eda, kila aliyekuja kunipa pole alitoka akanifungia mlango.