Beleshi Nililoliacha Nyuma ya Mlango

Sijawahi kumwacha mtu aondoke kwangu na begi lenye nafasi. Kasoro hiyo nimeirithi kwa mama yangu kule Lubumbashi, na miaka yote hii ya Brussels haijaipunguza hata kidogo.

Basi majira ya baridi yaliyopita, binti yangu alipopanga kwenda na wenzake wanne milima ya Alpi, wakapande kwa ski, zile mbao za kutelezea thelujini, mbali na njia zinazolindwa, nilimwambia sipendi. Akacheka. Akanieleza habari ya maporomoko: theluji hukaa tabaka juu ya tabaka, na moja ikiwa dhaifu, mtelemko mzima unaweza kushuka na watu walio juu yake. Alidhani ananituliza! Mimi kazi yangu ni kuosha na kulisha wagonjwa hospitalini Jette, hapa Brussels. Namjua mtu anayetafuta pumzi. Niliogopa, nikamwambia naogopa, naye akanibusu akaenda kuoga.

Hapo ndipo nilipofungua begi lake. Juu kabisa palikuwa na beleshi fupi la chuma. Hasira zikanipanda. Kwetu beleshi likitoka nyumbani asubuhi, ni ujenzi au ni kaburi, na binti yangu hakuwa anakwenda kujenga. Nikalitoa, nikalisimamisha nyuma ya mlango wa jikoni. Mahali pake nikapanga samaki wa kukaanga, siagi ya karanga na mikate miwili. Nikaridhika sana.

Keshokutwa yake, saa nne asubuhi, nikiwa nakunywa kahawa na wenzangu wa kazini, simu ikalia. Alikuwa binti yangu, na kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi beleshi ni pelle, na kulitoa ni kulitosha.

"Maman, mulitosha pelle yangu?"

"Nilitosha. Muntu anaenda kutembea na pelle ya nini? Unajichimbia shimo?"

Akanieleza kwamba asubuhi, kabla ya kutoka, wanakaguana: kidude cha kifuani kinachotoa ishara, fimbo ndefu ya kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa, beleshi. Yeye alipofungua begi, wakatoka samaki.

"Alors, bamekuacha?"

"Non. Bote tunabakia huku chini, mu forêt, katikati ya miti. Kule juu hatuende tena."

"Bon, si ni muzuri? Uko muzima, uko na samaki."

"Maman, ile pelle haiko ya mie. Iko ya benzangu. Kama neige inafunika mwenzangu, njo mie namuchimbula, mbio mbio. Na mikono tu siwezi. Mulitosha pelle ya batoto ya bantu."

Kahawa ikanishinda. Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo nalijua tangu utoto, tena nimewahubiria wengi. Na kumbe mimi ndiye niliyekikata kidole cha pili. Nikawaza mama wanne nisiowajua. Nikaona aibu, nikamwomba msamaha papo hapo, mbele ya wenzangu waliozoea kunisikia nikigomba tu. Samaki, aliniambia baadaye, waliliwa na wote siku ileile, na mmoja wao akalamba mfuko.

Aliporudi tulikwenda bustanini karibu na nyumbani. Alificha kidude kimoja chini ya majani, akanipa kingine kinachokitafuta. Nikazunguka na koti langu zito nikifuata milio, nikipotea, nikirudi, hata nikapiga magoti na kuchimba. Mzee mmoja mwenye mbwa akaniuliza kama nimepoteza funguo. Nilipokipata nilipiga vigelegele, na binti yangu akajifanya hanijui. Nilikuwa na furaha ambayo sikuitarajia, matope hadi kwenye viwiko.

Juzi aliondoka tena. Hofu bado ninayo, sitasema uongo, lakini sasa inajua mahali pa kukaa. Begi nililifunga mwenyewe, beleshi ndani, samaki kwenye mfuko wa mkononi. Wenzake walipokuja kumchukua na gari, nilishuka ngazi na kandambili zangu, baridi ile. Begi la binti yangu sikuligusa. Niliwasimamisha wale wanne kando ya barabara, nikawaambia wafungue mabegi yao, mmoja mmoja, nione mabeleshi ya kumchimbulia mwanangu.